Mtutu wa kaboni au wa chuma? Namjibu kijana wa Sikonge

Kijana mmoja wa Sikonge kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Shikamoo fundi. Namalizia mafunzo ya uwindaji bingwa kwenye kitalu kimoja huku kwetu. Nina raifo ya marehemu baba, ya risasi za saizi ya .30-06, kibali kimeshahamia jina langu, ila watu wanasema mtutu umeisha maana risasi zinatawanyika. Mwaka jana alikuja mgeni na raifo ya mtutu wa kaboni faiba, nyepesi kweli, akampiga kongoni mbali sana mbugani nikabaki mdomo wazi. Sasa najichanga nifunge mtutu wa kaboni kwenye ya baba. Halafu bosi anataka kuniagizia .375 ya nyati, anauliza nayo iwe ya kaboni au ya chuma. Unanishauri nini?"

Marahaba mdogo wangu, mwangaluka. Pole kwa kuondokewa na mzee. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hela unayotaka kutoa ni nyingi na hii silaha ni ya urithi, sitaki uikate kate halafu ujute. Na nianze na jibu lenyewe kabisa usije ukasoma mpaka chini ukitafuta: kwa kazi yako na kwa pori letu, chuma. Ya nyati chuma bila mjadala, na ile ya mzee mi hata sina uhakika kama inahitaji mtutu mpya, hapo ndo nitakaa sana.

Ila kwanza tuelewane huu mtutu wa kaboni ni kitu gani, maana wengi wanadhani ni bomba jeusi la kaboni tupu risasi inapita humo. Hapana. Risasi inapita kwenye chuma kama kawaida. Wanachofanya wanachukua mtutu wa chuma, mara nyingi stenlesi inayoitwa 416R, wanaukereza nje mpaka unabaki mwembamba, halafu wanauzungushia nyuzi za kaboni zilizolowa gundi ya epoksi, tabaka juu ya tabaka, wanauchoma kwenye oveni gundi ikauke, wanausugua mpaka unapata umbo. Upande wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, pamebaki chuma, mdomoni pamebaki chuma, kaboni ni koti la katikati. Kampuni ya Christensen Arms kule Utah, Marekani, ilianza na hii kazi mwaka 1995, siku hizi wapo wengi, Proof Research wa Montana nao wanajulikana sana. Kwa hiyo mtu akikwambia kaboni inalenga vizuri kuliko chuma, muulize kaboni inaigusa risasi wapi. Shabaha inatoka kwenye ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ilivyochongwa, chemba ilivyokaa katikati, na mdomo wa mtutu ulivyokatwa sawasawa, na hivyo vyote ni chuma kwa pande zote mbili.

Sasa kwanini wanahangaika nayo? Uzito na ukakamavu. Chuma kina gramu kama 7.8 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kaboni iliyosukwa na gundi ina kama 1.6, yaani karibu mara tano chini. Na mtutu ukiwa mnene haupepesuki sana risasi inapopita, ni kama mwanzi na fito, mwanzi mnene wenye uwazi ndani hauyumbi kama fito nyembamba hata kama vyote ukivipima uzito ni uleule. Kwa hiyo kaboni inakupa mtutu mnene, mkakamavu, usiokuvunja bega.

Lakini hapa ndo penye kitu watu hawaambiwi, na mimi nilikuja kukiona kwa macho yangu kwenye mizani ya jirani yangu anayeuza asali. Niliwahi kuwa na mitutu mitatu karakanani kwa wakati mmoja, yote kaliba (saizi ya risasi) ya .30, yote urefu wa inchi 24, imetolewa kwenye bunduki kwa ajili ya matengenezo. Mmoja wa chuma mnene wa kulengea shabaha za mbali, mmoja wa kaboni, mmoja wa chuma mwembamba wa kawaida wa kuwindia. Nikavuka nayo barabara nikamwomba jirani mizani. Ule mnene ukaja zaidi ya kilo mbili na robo. Wa kaboni ukaja kilo moja na gramu mia tatu hivi. Wa chuma mwembamba, yaani huu wa kawaida kabisa uliopo kwenye raifo nyingi za kuwindia toka enzi za babu zetu, ukaja palepale, kilo moja na gramu mia tatu na kidogo. Jirani akarudia mara mbili akidhani mizani yake imekwama.

Umeona hapo? Kaboni ni nyepesi kuliko chuma kinene. Sio nyepesi kuliko chuma chembamba. Ya mzee wako .30-06 najua bila kuiona kwamba ina mtutu mwembamba wa kuwindia, kwa hiyo ukifunga kaboni utatoa hela nyingi ubaki na uzito uleule ulionao, wakati mwingine na gramu kadhaa juu. Na ile ya mgeni uliiona nyepesi kwa sababu kila kitu kwenye bunduki ile ni chepesi, kitako nacho ni cha kaboni, bolti (ile komeo ya nyuma ya chemba) imechongwa imepunguzwa, sio mtutu peke yake. Kitako cha mbao cha zamani kina uzito wa kutosha tu kukudanganya mkono.

Kuna na la joto. Wauzaji wanasema mtutu wa kaboni unapoa haraka. Ukipiga risasi tano ukashika, kweli utaona wa chuma unachoma na wa kaboni ni vuguvugu. Sasa fikiria chupa ya chai. Ukishika nje iko baridi, ina maana chai imepoa? Joto linatoka kwenye baruti linaingia kwenye chuma cha ndani, na likitaka kutoka nje lazima lipite kwenye lile koti, na koti la nyuzi na gundi linapitisha joto polepole sana kwenye unene wake, hata sehemu moja ya ishirini ya stenlesi halifiki. Wapo watengenezaji wanaotumia nyuzi za aina maalum au wanachanganya vitu kwenye gundi ili joto lisafiri vizuri zaidi, na wanajitahidi, ila ubaridi unaousikia kiganjani usiuchukulie kama kipimo cha joto la ndani. Halafu mtutu mnene wa chuma una nyama nyingi ya kubeba joto, kwa hiyo unachelewa kupata moto. Mtu anayepiga risasi ishirini mfululizo uwanjani, chuma kinene bado ndo mwenyewe.

Faida moja ya kweli ya kaboni kwenye joto ni kwamba hewa ya juu ya mtutu haichezi mapema, si unajua ukipiga piga chuma ule mvuke unaotetemeka mbele ya darubini unaanza kuona mnyama kama yuko ndani ya maji. Kaboni inachelewesha hilo. Na ikitengenezwa vizuri risasi ya nne na ya tano zinakaa karibu na ya kwanza kuliko chuma chembamba, ambacho kikipata moto kinaanza kupeleka risasi pembeni kidogo kidogo. Ikitengenezwa vibaya ni kinyume chake, maana chuma kinapanuka kwa joto na kaboni kwa urefu wake karibu haipanuki kabisa, vitu viwili vimeunganishwa kwa gundi kimoja kinavuta kingine kimegoma.

Sasa jiulize wewe kwenye pori lako unapiga risasi ngapi mfululizo. Kule Ipole, Ugalla, mpaka huku Inyonga ni miombo, mninga na mitundu imesongamana, mnyama unamwona mita 60, mita 100, ikienda sana mita 150. Risasi ni moja, mbili, ikifika ya tatu kuna kitu kimeharibika. Kwa hiyo risasi inayokuhusu ni ile ya kwanza inayotoka kwenye mtutu baridi asubuhi baada ya kutembea masaa manne nyuma ya traka, yule mfuata nyayo. Hiyo risasi ya kwanza mtutu mwembamba wa chuma unaipeleka palepale kila siku, mwaka hadi mwaka, kama kitako hakijaubana na skrubu zimekaza. Mambo ya joto hayakuhusu porini, yanakuhusu siku unapopiga ziro tu (kuirekebisha darubini risasi itue pale unapolenga), na siku hiyo dawa yake ni uvumilivu: piga tatu, fungua bolti, iweke kivulini imesimama, subiri mpaka mtutu urudi kwenye joto la hewa, ndo upige tatu nyingine. Oktoba huku Tabora jua linavyowaka usiiache juani ukadhani inapoa.

Na kongoni wa mgeni usimpe kaboni sifa yake. Mtu anayempiga mnyama mita 300 na zaidi ana kipimo cha umbali, ana darubini nzuri, amepiga mamia ya risasi kwao kabla hajapanda ndege, na anajua risasi yake inaanguka kiasi gani. .30-06 yako yenyewe, risasi ya uzito wa greni 180, ukiipiga ziro mita 200 basi kwenye mita 300 inaanguka kama robo mita. Usipolijua hilo utamvunja mguu mtutu uwe wa kaboni uwe wa chuma, na kongoni aliyevunjwa mguu wa mbele anaweza kukutembeza mpaka jua linazama na usimwone tena. Hilo linaniuma kuliko habari yoyote ya mitutu, nimeshaona sana vijana wanatumia hela kwenye bunduki halafu wanaingia porini wakiwa wamepiga risasi sita tu tokea mwaka uanze.

Tuje kwenye ya mzee. Watu wanasema mtutu umeisha. Hebu tupige hesabu. .30-06 ni kaliba ya toka 1906 na sio mkali kwa mtutu, mtutu wake ukitunzwa unakwenda risasi elfu nne, elfu tano, kabla ya kuanza kuharibu shabaha. Mzee alikuwa anapiga ngapi kwa mwaka? Tuseme arobaini, na kwa mwindaji wa vibali wa huku hiyo ni nyingi. Arobaini kwa mwaka ni miaka mia moja kufikisha elfu nne. Kwa hiyo mtutu haujaisha kwa kupigwa. Kama umeharibika, umeharibika kwa kutu, au kwa fimbo mbovu ya kusafishia iliyosugua mdomo, au haujaharibika kabisa, ni mchafu.

Mi naanza na uchafu kwa sababu ndo ninaoukuta mara nyingi. Risasi ina koti la shaba, kila ikipita inaacha shaba kidogo kwenye mifereji, juu yake yanakaa masizi ya baruti, juu yake shaba tena, miaka inaenda. Mtu anapitisha kitambaa chenye mafuta kinatoka cheupe anasema safi, kumbe mafuta yameteleza juu ya yale matabaka. Inabidi dawa ya kuyeyusha shaba, ile yenye amonia, unapitisha kitambaa kilicholowa, unaacha dakika kadhaa kama ilivyoandikwa kwenye chupa (usiache ilale humo), unapitisha kikavu. Kikitoka na rangi ya bluu-kijani, hiyo ni shaba. Unarudia. Kuna raifo moja ya .308 niliisafisha jioni mbili mfululizo, vitambaa nimevipanga kwenye meza kimoja kimoja kama mtu anayeanika dagaa, vya mwanzo vyeusi tii, halafu kijani kilichokolea kama embe bichi, halafu bluu ya mbali, mpaka kimoja kikatoka cheupe na mifereji ikaanza kung'aa mpaka mwisho. Mwenyewe alishaagiza mtutu. Ikarudi kwenye shabaha yake ya zamani, risasi tatu zikafunikwa na kifuniko cha chupa ya asali, mita 100.

La pili ni kutu. Risasi nyingi za zamani za kijeshi, hasa zilizotengenezwa Urusi na nchi za ule upande, fataki zake (kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti) zilikuwa na dawa ambayo ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu, mvua za Novemba zikianza mtutu unaliwa usiku kucha na mafuta hayaisaidii kitu, chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Ndo maana wazee waliojua walikuwa wanamimina maji ya moto toka upande wa chemba, wanakausha, ndo wanapaka mafuta. Kama mzee alitumia risasi za zamani za namna hiyo bila maji ya moto, mtutu utakuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Vishimo vichache havizuii kupiga vizuri, vinafanya tu ushike uchafu haraka. Vikiwa vimejaa koo la mtutu, pale mbele ya chemba, hapo kweli umekwisha.

La tatu ni mdomo. Chukua kipande cha pamba, pitisha taratibu kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu kwa ndani. Kikinasa, pana jeraha. Bunduki zinazobebwa mdomo chini kwenye sakafu ya gari zinapata hilo sana. Na hapa chuma kina raha yake, kwenye mashine ya kukereza nakata milimita chache nautengeneza mdomo upya, kazi ya asubuhi moja. Wa kaboni nina kile kipande cha chuma cha mdomoni tu cha kuchezea, siwezi kukuambia tuufupishe inchi mbili, nikifika kwenye nyuzi nimeharibu, na lile vumbi lake ukilivuta kifuani sio zuri na ngozi inawasha siku nzima.

Dalili ya mtutu uliokufa kweli ni karatasi ya shabaha. Ukiona tundu sio la duara, ni refu kama tundu la funguo, risasi imefika imelala ubavu, mifereji haiishiki tena. Hapo ndo tuongee mtutu mpya. Na ukifika hapo bado nitakwambia chuma, kwa sababu ya mbao. Mtutu wa kaboni ni mnene, kitako cha mzee kimechongwa kwa mtutu mwembamba, itabidi tukichimbe mpaka kingo za mbele zibaki nyembamba kama ganda, au utafute kitako kipya, na sasa hiyo sio raifo ya baba tena, imebaki bolti na jina.

Ya nyati. Hapa sitaki uongezewe maneno mengi na mtu yeyote. Kanuni za uwindaji zinataka .375 kwenda juu kwa nyati, na .375 H&H (ya kampuni ya Holland & Holland) ipo toka 1912 na imefanya hii kazi vizuri kuliko karibu kila kitu. Ukiipunguzia bunduki uzito, teke lake begani linapanda, hiyo ni hesabu ya kawaida tu. Risasi ya greni 300 na baruti yake, kwenye bunduki ya kilo 4.2 teke linakuja kama jouli 54. Ishushe iwe kilo 3.6 unapata 63. Yaani kila sita zimekuwa saba, na bega ni lilelile. Kinachoumiza sio maumivu yenyewe, nyati akiwa mbele yako hutayasikia. Kinachoumiza ni mazoezini, unapiga tano unaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, unajifundisha kuogopa bunduki yako, na risasi ya pili inachelewa kwa sababu mdomo wa mtutu umeruka juu angani inabidi uushushe. Nusu kilo mbele ya bunduki ndo inayoushikilia. Kwenye nyati aliyejeruhiwa ameingia kwenye majani marefu, risasi ya pili ndo ya kwako na ya traka na ya mgeni.

Na kuna saiti. Bunduki ya nyati lazima iwe na saiti za chuma, darubini ikivunjika au ikijaa ukungu wa asubuhi una kitu cha kulengea, na karibu ya mita 20 darubini inakuonyesha manyoya meusi tu. Saiti ya mbele inafungwa kwenye mtutu kwa pete inayochomelewa kwa moto au kwa skrubu, mkanda wa kubebea nao kwenye bunduki nzuri za .375 unashikwa na pete kwenye mtutu ili usikukate mkono teke likija. Kwenye kaboni huwezi kuchomelea, gundi inaungua, na huwezi kutoboa tundu la skrubu kwenye nyuzi. Ndo maana karibu zote zinakuja kapa, mtutu mtupu. Mwambie bosi chuma, chenye saiti, kilo nne na zaidi ukiweka na darubini, na hela itakayobaki anunue risasi za mazoezi.

Sisemi kaboni ni ya ovyo. Angekuwa mtu anawinda mbuga wazi, kama zile za Moyowosi kule Kibondo ambako unaona nyamera toka mbali na huna mti wa kujifichia, anatumia .300 ya magnum (risasi ya baruti nyingi), anajua kulenga mita 400 na anataka ukakamavu wa mtutu mnene ila anatembea kwa miguu siku nzima, ningemwambia nunua, hela yako imepata kazi. Wanaowinda milimani kwenye nchi za watu wanapanda na bunduki mgongoni wiki nzima, nao nawaelewa kabisa. Ila hata hao nawaambia wajue kuikagua. Niliwahi kuletewa moja imeanguka toka kwenye Landcruiser ikagonga bampa, kwa nje alama ndogo kama kucha imekwaruza. Nikachukua shilingi mia nikaanza kuigonga gonga taratibu kwenye mtutu toka nyuma kwenda mbele, ti, ti, ti, ti, nikafika kwenye ile alama ikawa tu, tu, kama unagonga boksi. Vidole vitatu mbele ikarudi ti. Maana yake tabaka limeachana na mwenzake ndani. Bado inapiga, haijalipuka, ila shabaha yake ilikuwa inahama kila ikipata joto na hakuna fundi hapa Tabora wa kuirudishia, ni kuirudisha ilikotengenezwa, na hapo umeshaingia kwenye vibali vya kutoa silaha nchini. Mtutu wa chuma ukigonga bampa unapata alama ya bampa.

Bei unaijua mwenyewe umeshaulizia, ila kwa wanaosoma: Marekani mtutu mtupu wa kaboni ni kama dola 800 mpaka 1,000 na kuendelea, wa chuma mzuri 350 mpaka 500, kabla ya usafiri, ushuru na kazi ya fundi. Na mtutu sio spea ya pikipiki mdogo wangu, ni sehemu ya silaha chini ya sheria ya silaha ya 2015, usiagize kwa mtu anayekuja na begi. Anza na polisi waliokupa kibali, pitia kwa muuzaji mwenye leseni, na kama kaliba itabadilika kibali lazima kijue.

Ukiishia kwenye chuma utaulizwa stenlesi au ule mweusi wa kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu). Kwa unyevu wa Ugalla na jasho la mikono stenlesi inakusamehe zaidi, ila isikudanganye, 416R imewekewa salfa ili ichongeke kirahisi na ukiipuuza inashika kutu nayo. Wowote utakaochukua, usiulaze kwenye mfuko wa ngozi au wa turubai msimu wa mvua, ngozi inavuta maji inayahifadhi palepale kwenye chuma. Pangusa, paka mafuta membamba, na kabla ya kwenda kupiga pitisha kitambaa kikavu uyatoe ya ndani, risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta haiendi unakotaka.

Kwa hiyo usiagize kitu mwezi huu. Njoo na raifo Tabora, bolti umeitoa, haina risasi, na kibali halisi sio picha ya kwenye simu. Njoo na risasi kama kumi na tano za aina aliyokuwa anatumia mzee, tupige tatu kwanza kama ilivyo, tusafishe, tupige tena tuone. Kama kuna karatasi ya zamani ya shabaha yake imebaki nyumbani ilete. Na tafadhali usiisafishe kabla ya kuja, nataka nione kitambaa cha kwanza kinatoka na rangi gani.